Bei ya nyumba huanzia nje ya uzio

Dalali akikuonyesha nyumba kwenye mji mdogo, ataanzia jikoni. Atafungua bomba uone maji yanavyoshuka, atapiga ukuta kwa kiganja usikie ulivyo mzito, atakuinua macho uone dari haina doa la mvua. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Mimi kazi yangu ni uthamini wa majengo, na miaka yote hii nimekuwa nikiingia kwenye nyumba za watu na tepu mkononi, nikipima vyumba na kuhesabu madirisha, huku nikijua kwamba sehemu kubwa ya bei nitakayoandika haimo ndani ya nyumba ile. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwenye mji mdogo mimi humwambia mnunuzi aingie, aridhike, halafu atoke tena na ashike njia mpaka kwenye lango la shule.

Si kila mtu hupenda kusikia hivyo, hasa muuzaji aliyetoka kubadilisha vigae vya bafuni.

Chukua nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, tofali lilelile, fundi yuleyule, kila moja kwenye mji wake. Gharama ya kuzijenga ni moja. Zikiingia sokoni bei zinaachana, na pengine zinaachana kwa mbali sana. Kilichozitenganisha ni vile vinavyoufikia mlango: bomba, barabara, gari la wagonjwa, gari la taka, na mwalimu. Mwaka 1956 mchumi wa Marekani, Charles Tiebout, aliandika kwamba watu huonyesha wanachokitaka kwa kuhama: asiyeridhika na huduma na kodi za hapa hufunga mizigo akaenda pale. Mwaka 1969 mwenzake, Wallace Oates, alitaka kuona kama jambo hilo linajitokeza kwenye bei. Alichukua halmashauri 53 za kaskazini mashariki mwa New Jersey, akakuta kwamba palipotumika fedha nyingi zaidi kwa kila mwanafunzi, nyumba zilikuwa ghali zaidi, na palipotozwa kodi ya majengo kwa kiwango kikubwa, nyumba zilishuka. Kwa lugha ya ofisini kwetu: huduma nzuri inaingia kwenye bei, kodi nzito inatolewa kwenye bei hiyohiyo, na mnunuzi anazilipia zote mbili siku anayosaini, kabla hajalala humo hata usiku mmoja.

Kuna mtu atauliza, na huwa wananiuliza: unajuaje kwamba ni shule? Shule nzuri mara nyingi ziko kwenye mitaa ya wenye nazo, na mitaa hiyo ina miti, ina utulivu, ina taa za barabarani zinazowaka. Labda watu wanalipia miti. Swali hilo lilijibiwa vizuri mwaka 1999 na mchumi Sandra Black, ambaye hakulinganisha mtaa na mtaa. Alichukua vitongoji vya jiji la Boston akatazama nyumba zilizokaa karibu kabisa na mpaka wa maeneo ya shule za msingi, za upande huu na za upande ule. Halmashauri moja, kodi moja, miti ileile. Tofauti ni kwamba mtoto wa upande huu anaenda shule hii na wa upande ule anaenda ile. Alikuta kwamba alama za mitihani zikiwa juu kwa asilimia 5, wazazi hulipa kama asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Ni nusu hivi ya kile ambacho hesabu za zamani zilikuwa zikionyesha, kwa hiyo wale waliosema watu wanalipia miti hawakukosea kabisa. Lakini asilimia 2.5 ya nyumba si hela ya kuokota.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Matokeo kama hayo wameyabeba mzima mzima wakayapeleka kwenye miji midogo, na huko hayakai. Boston kuna mpaka wa kuvuka. Mnunuzi ana shule nne au tano za kuchagua, kwa hiyo analipia ubora. Kwenye mji wa watu elfu mbili shule ya msingi ni moja, na hakuna upande wa pili wa barabara. Mnunuzi pale haulizi kama shule ni ya kwanza au ya kumi. Anauliza, na mara nyingi hasemi kwa sauti, kama itakuwepo mtoto wake atakapofika darasa la nne.

Mtafiti aliyekaribia zaidi jambo hili ni Thomas Lyson, aliyetazama vijiji vya jimbo la New York na kuchapisha kazi yake mwaka 2002. Alivigawa vyenye shule na visivyo na shule. Katika vile vidogo kabisa, vya watu 500 au pungufu, vyenye shule vilikuwa na nyumba za thamani kubwa zaidi, na pia vilielekea zaidi kuwa na mfumo wa maji ya bomba na wa majitaka. Atatokea mjuzi aseme kwamba hiyo haithibitishi kuwa shule ndiyo iliyoleta bomba. Sawa, haithibitishi. Ila mimi sithamini shule peke yake wala bomba peke yake. Ninathamini mji ambao bado una nia ya kuendelea kuwa mji, na vitu hivyo hutembea pamoja.

Shule ina uzito wa namna hiyo kwa sababu soko la mji mdogo ni jembamba. Bei ya nyumba haiwekwi na mtu anayeitaka. Inawekwa na mtu wa pili anayeitaka nyumba hiyohiyo. Kwenye jiji, familia kumi zikiikataa nyumba yako kwa sababu ya shule, ya kumi na moja haina mtoto na inataka kuwa karibu na kazi. Kwenye mji mdogo familia hizo kumi huenda ndizo wanunuzi wote wa mwaka huo. Ukiwaondoa wenye watoto, wanabaki wastaafu, wanabaki watu wanaotafuta nyumba ya kupumzikia siku za mapumziko, na wanabaki wachache waliozaliwa pale wanaotaka kurudi. Hao wote ni watu wema, lakini hawana haraka. Asiye na haraka hapandi bei, anasubiri muuzaji achoke.

Na muuzaji huchoka. Kitu cha kwanza kinachobadilika shule ikiyumba si bei iliyoandikwa kwenye tangazo, ni muda ambao tangazo linakaa. Nyumba iliyokuwa ikiuzwa kabla msimu haujaisha inapitisha msimu wa pili, wa tatu. Mwenyewe anasema hana shida, anangoja mteja wa maana. Halafu anapata kazi mahali pengine, au anapata mgonjwa, na ghafla ana shida. Mauzo ya nyumba hiyo moja ndiyo yanayokuwa kipimo cha nyumba zote za mtaa, kwa sababu sisi wathamini tunalinganisha na mauzo ya karibuni, na ya karibuni ni hayo tu.

Mama mmoja mjane aliniita nimthaminie nyumba yake. Alitaka kuiuza ahamie kwa binti yake. Nilikuwa nimewahi kuithamini zamani, mumewe alipokuwa hai, na jalada lake ninalo. Nyumba ilikuwa imetunzwa kuliko siku zile, rangi mpya, paa jipya. Katikati ya hizo ripoti mbili shule ya mji ilikuwa imeunganishwa na ya mji wa jirani na watoto wakawa wanapanda basi alfajiri. Kiasi nilichoandika kilikuwa chini ya kile cha zamani. Alikisoma, akavua miwani.

“Mwanangu, nyumba yangu imekosa nini?”

“Haijakosa kitu, mama. Watu wa kuigombea ndio wamepungua.”

“Basi andika hivyo. Usije ukaandika imechakaa.”

Nikaandika hivyo. Sentensi ile haikuwa na nafasi kwenye fomu, ikakaa pembeni.

Nisionekane kama mtu anayedhani kila shule ndogo lazima ibaki. Nchini Marekani wilaya za shule, yaani maeneo yanayoendesha shule zao yenyewe, zilikuwa zaidi ya 117,000 mwaka wa masomo 1939–40. Leo ni kama 13,000. Huwezi kusema waliounganisha hizo zote walikuwa wajinga. Shule ya watoto ishirini haiwezi kumlipa mwalimu wa fizikia, wala haina wachezaji wa kutosha timu mbili. Inawezekana kabisa mtoto akafaidika na shule kubwa iliyo mbali. Lakini mtoto atapanda basi, nyumba haipandi basi. Faida inahamia mji wa jirani pamoja na mwalimu, na hasara inabaki palepale ilipojengwa. Wanaopiga hesabu ya kuunganisha shule huandika umeme uliookolewa, mishahara iliyookolewa, matengenezo yaliyookolewa. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara ambapo hesabu hiyo iligawiwa, ukurasa mmoja safi, nikanyoosha mkono kuuliza mstari wa thamani ya nyumba uko wapi. Ofisa akanijibu kwa adabu kwamba nyumba si mali ya halmashauri. Ni kweli. Ila kodi ya majengo ni mali ya halmashauri, na inahesabiwa kutoka kwenye thamani ya nyumba zilezile.

Mzunguko huo ndio unaoniumiza kichwa kuliko yote. Mahali ambapo shule hulipiwa na kodi ya majengo, nyumba rahisi huzaa shule maskini na shule maskini hurahisisha nyumba. Mfano ulio wazi kuliko wote niliowahi kusoma uko kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1973, kesi iliyotoka San Antonio, Texas. Si mji mdogo, lakini utaratibu ni uleule. Wilaya ya shule ya Edgewood ilikuwa na mali ya kutozwa kodi yenye thamani ya dola 5,960 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, jijini humohumo, ilikuwa na zaidi ya dola 49,000. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani, kiwango cha juu kuliko wote wa eneo lile, na baada ya kutoa mchango wao kwenye mfuko wa jimbo wakabaki na dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights walijitoza senti 85 tu, wakabaki na dola 333. Soma tena: waliojitoza zaidi walipata kidogo zaidi. Mahakama iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba utaratibu huo hauvunji katiba ya nchi.

Mthamini anaisoma kesi hiyo kwa jicho jingine. Mnunuzi wa Edgewood analipa kodi kubwa na anapata shule yenye fedha kidogo, kwa hiyo bei ya nyumba inapigwa mara mbili: kwa kile kinachotolewa na kwa kile kisichopatikana. Ikishapigwa, thamani ya kutozwa kodi inashuka, na kiwango inabidi kipande tena. Kuna waliojaribu kuukata mnyororo. Michigan mwaka 1994 wapiga kura walikubali kodi ya mauzo ipande kutoka asilimia 4 hadi 6 ili shule zisitegemee sana kodi ya majengo. Nchi nyingine hulipia walimu wote kutoka hazina kuu. Huko mnyororo ni mlegevu, ingawa ofisi ya hazina kuu nayo ina watu wake wa kalamu, wanaotazama orodha ya shule zenye wanafunzi wachache.

Bei hushuka kabla shule haijafungwa. Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Uvumi unatosha. Mzazi wa mtoto wa miaka mitatu akisikia kwamba kuna kamati inayotathmini shule, hasubiri ripoti ya kamati. Anaangalia nyumba kwingine, kwa sababu anayefunga mkopo wa miaka 20 au 25 hana sababu ya kucheza kamari na mlango wa darasa la kwanza. Akiondoka yeye, uandikishaji unapungua, na kamati inapata takwimu ilizokuwa ikizitafuta.

Kinyume chake pia hutokea, na bila mtoto yeyote kuwa amefaulu zaidi. Mwaka 2010 watafiti watatu, Cellini, Ferreira na Rothstein, walichapisha kazi kuhusu wilaya za California zilizopiga kura ya kukopa fedha za kujenga na kukarabati shule. Walilinganisha zile ambazo kura ilipita kwa chupuchupu na zile iliposhindwa kwa chupuchupu. Ilipopita, bei za nyumba zilipanda, na zilipanda upesi; alama za mitihani zilieleza sehemu ndogo tu ya kupanda huko. Wao wana maelezo yao ya kitaalamu. Langu ni la mtu wa tepu: hakuna anayeezeka upya paa la shule anayotaka kuifunga. Paa jipya la shule ni tangazo kwamba mji una mpango wa kuwepo kwa miaka mingine thelathini, na tangazo hilo lina thamani kuliko vigae vya bafuni.

Kwa sababu hiyohiyo siwashauri wanunuzi wa miji midogo wahangaike na orodha za shule bora. Florida walianza kuzipa shule herufi kutoka A hadi F mwaka 1999, na utafiti wa Figlio na Lucas, uliotoka mwaka 2004, ulionyesha kwamba soko la nyumba lilizifuata herufi hizo, halafu likaanza kuzipuuza zilipoonekana zinarukaruka mwaka hadi mwaka. Sasa fikiria shule yenye watoto kumi na wawili darasani. Wawili wakiugua wiki ya mtihani, shule imeshuka daraja. Mmoja mwenye kipaji akihamia, imepanda. Hiyo si habari ya kununulia nyumba.

Nimekaa sana kwenye shule. Huduma nyingine nitazipitia, ila hospitali siwezi kuipita mbio. Nilisema shule ikiondoka wanabaki wastaafu. Wastaafu hawaulizi darasa la kwanza, wanaulizia gari la wagonjwa. Mji uliopoteza shule ukapoteza na hospitali umewafukuza wanunuzi wa kundi la kwanza, kisha wa kundi la pili. Nchini Marekani zaidi ya hospitali 100 za mashambani zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa tangu mwaka 2010, pamoja na kwamba tangu 1997 kuna mpango maalumu wa kuzilipa vizuri zaidi zile ndogo zisizozidi vitanda 25. Utafiti wa Holmes na wenzake wa mwaka 2006 ulikuta kwamba wilaya ikipoteza hospitali yake ya pekee, kipato cha kila mtu hushuka kwa asilimia 4 hivi na ukosefu wa ajira hupanda kwa pointi 1.6. Ni lazima iwe hivyo. Hospitali ya mji mdogo, pamoja na shule, ndiyo mwajiri mkubwa, na wauguzi na walimu ndio watu wenye mshahara wa kudumu ambao benki hupenda kuwakopesha. Wakiondoka, umepoteza huduma na umepoteza mnunuzi kwa pigo moja.

Zimamoto huonekana jambo dogo mpaka upeleke maombi ya bima. Marekani kuna mfumo unaoyapa maeneo daraja kutoka 1 hadi 10 kwa uwezo wa kuzima moto, na kampuni nyingi za bima huutumia. Nyumba iliyo zaidi ya maili 5 za barabara kutoka kituo cha zimamoto, yaani kilomita 8 hivi, kwa kawaida huangukia daraja la 10, ambalo ndilo la mwisho. Umbali kutoka bomba la zimamoto nao huhesabiwa, futi 1,000. Benki haitoi mkopo kwa nyumba isiyo na bima, na bima ghali inakula fungu ambalo mnunuzi angelipia nyumba. Kituo cha kujitolea kikikosa vijana wa kuendesha gari, bei imeguswa.

Maji ya bomba yana tabia ya ajabu: thamani yake haionekani mpaka watu waogope. Uchimbaji wa gesi ulipoenea Pennsylvania, Muehlenbachs, Spiller na Timmins walitazama nyumba zilizo karibu na visima vya gesi na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Zile zilizotegemea kisima cha maji cha nyumbani zilipoteza thamani waziwazi. Zenye maji ya bomba hazikuipata hasara hiyo, nyingine zilipata hata faida kidogo kutokana na malipo ya gesi. Kabla ya hapo muuzaji wa nyumba yenye kisima angekwambia kwa fahari kwamba halipi ankara ya maji.

Reli nimeithamini mara chache, kwa hiyo nitasema moja tu. Ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika la reli, ya mwaka 1963 ilipendekeza zaidi ya vituo 2,300 vifungwe Uingereza, na miji ya kusini mwa Scotland iliyokuwa kwenye njia ya Waverley ilikaa bila treni tangu Januari 1969 mpaka Septemba 2015, sehemu ya njia hiyo ilipofunguliwa tena mpaka Tweedbank. Hawick, iliyo mbele zaidi, treni haijaifikia. Mtu aliyenunua nyumba Galashiels, mmoja wa miji ya njia hiyo, akiwa kijana mwaka 1970 alizeeka kabla mthamini hajapata cha kuandika kwenye mstari wa stesheni.

Ukitaka kuona mwisho wa barabara hii, tazama Yubari, kisiwani Hokkaido, Japani. Mji wa makaa ya mawe uliokuwa na watu zaidi ya 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Migodi ikafungwa, mji ukakopa ili ujigeuze wa watalii, na mwaka 2007 ukawekwa chini ya usimamizi wa kifedha wa serikali kuu. Shule za msingi ziliunganishwa zikabaki moja, maktaba ikafungwa, hospitali ya vitanda 171 ikawa zahanati ya vitanda 19, na kodi zikapandishwa. Kwa mthamini hicho ni kisa kamili: kila kinachopandisha bei kimeondolewa na kila kinachoishusha kimeongezwa. Utafiti wa taifa wa nyumba wa mwaka 2023 ulikadiria nyumba milioni 9 zisizokaliwa nchini Japani kote, asilimia 13.8. Nyingi si mbovu. Huko Sicily, mji wa Sambuca ulitangaza mwaka 2019 kuuza nyumba zilizoachwa kwa bei ya kuanzia euro 1, kwa masharti ya kuzikarabati. Watu waliicheka hiyo euro. Mimi niliiona ni uthamini wa kweli kabisa: kuta zilizobaki peke yake zina bei hiyo.

Kuna jambo linalonikera katika mazungumzo haya, na mimi mwenyewe nimo. Tunaitetea shule kwa sababu inapandisha bei za nyumba. Mpangaji asikie nini? Yeye bei ikipanda anaongezewa kodi ya pango, na mtoto wake ndiye yuko darasani. Mchumi William Fischel alieleza mwaka 2001 kwamba mwenye nyumba hupiga kura akilinda thamani ya nyumba yake, hata asiye na mtoto, na kwa njia hiyo mzee wa miaka sabini hukubali kuchangia madawati. Nimeyaona hayo kwa macho yangu na ninashukuru madawati yamepatikana. Lakini mwenye nyumba huyohuyo ndiye anayepinga nyumba ndogo za bei nafuu zisijengwe karibu na shule, eti zitashusha mtaa, wakati shule inakufa kwa kukosa watoto na watoto wangetoka kwenye nyumba hizo. Nikiambiwa hivyo na mteja ninamweleza kwa hesabu, maana kwa maadili hanisikilizi: wanafunzi kumi na watano wa darasa la kwanza wanalinda thamani ya nyumba yake kuliko ukimya wa mtaa.

Basi nikitumwa mji mdogo siku hizi, naenda siku ya kazi asubuhi, kamwe si Jumamosi. Natazama lango la shule watoto wanapoingia. Naomba idadi ya darasa la kwanza na ya darasa la mwisho. Wakiwa thelathini juu na kumi na moja chini, najua kinachokuja kabla kamati haijaundwa. Nauliza kama mwalimu mkuu ni wa kudumu au anakaimu, na amekaimu tangu lini. Natazama paa. Kwenye kituo cha afya nasoma saa za kazi zilizobandikwa mlangoni, hasa kama zimefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu. Nasoma bajeti ya halmashauri, si ukurasa wa mapato, bali wa matengenezo, kwa sababu mji unaojiandaa kuachana na kitu huanza kwa kuacha kukitengeneza. Maktaba, taa, taka, hayo nayatazama nikiwa natembea.

Fomu ya benki ina kisanduku cha umbali wa shule kwa kilomita. Haina kisanduku cha wanafunzi wangapi wameandikishwa. Naijaza kilomita, halafu chini, kwenye maelezo mengine, naandika idadi za madarasa yote mawili. Kuna ofisa wa mikopo ambaye kila mara hunipigia simu kwamba mfumo wao hauna pa kuingizia namba hizo, niziondoe. Ninamjibu kwamba zisipoingia kwenye mfumo azisome mwenyewe, kisha naituma ripoti vilevile.